Nilimpa, Akakataa

Helmeti ya abiria ya kakangu ilikuwa na harufu tatu. Ya kwanza ilikupokea ukiwa bado mbali: ile ya nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba msimu wa mvua, ikakauka nusu. Ya pili ilikuwa ya mafuta ya nywele yaliyochacha, mafuta ya nazi na zile jeli za kulaza nywele za mbele. Ya tatu sikuijua hadi siku niliyoileta puani kabisa, na hata sasa sina jina lake ila kusema ni harufu ya watu. Si mtu mmoja. Watu.

Naijua vizuri kwa sababu mwezi wa nne mwaka jana nilikaa nayo kwenye beseni, jikoni kwetu Mwiki, sehemu kubwa ya Jumapili. Nilikuwa naiosha. Kakangu alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ndani mmoja nje, haongei. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameanguka na abiria.

Wacha niseme ilivyokuwa, halafu nije kwa kinachonisumbua, kwa sababu kinachonisumbua si ajali yenyewe.

Ilikuwa kama saa mbili usiku, mvua imenyesha ikaacha. Abiria alikuwa dada wa rika langu, ametoka kazini, amesukwa vizuri. Kakangu akafungua ile raba inayoshikilia helmeti ya pili nyuma ya kiti, akamnyooshea. Dada akaitazama, akakunja uso, akasema, "Zii, hiyo hapana." Kakangu akairudisha kwa raba. Wakaondoka. Mbele kidogo gari likachomoka kutoka barabara ya kando bila taa, kakangu akashika breki, tairi ikateleza kwenye tope, wakaenda chini. Hawakuwa wanaenda kasi. Yeye aliinuka na goti lililochubuka na mkwaruzo mrefu kwenye helmeti yake, upande wa kulia, kama mstari uliochorwa kwa msumari. Yule dada hakuinuka haraka.

Alipona. Nalisema mapema ili usiendelee kusoma ukingojea msiba. Alishonwa nyuzi kumi na moja juu ya sikio, akalala hospitalini siku nne. Lakini kwa miezi kadhaa hakuweza kukaa mbele ya kompyuta zaidi ya nusu saa kabla kichwa hakijaanza kumuuma, na kazi yake ilikuwa ya kompyuta. Kazi ikaisha. Kwa hivyo nikisema alipona, neno hilo lisikie jinsi lilivyo.

Sasa, kuna sentensi moja ambayo kakangu aliisema mara nyingi sana siku zile. Aliwaambia polisi. Aliwaambia wenzake wa steji. Alimwambia mamangu, akamwambia na mama ya yule dada kwa simu. "Nilimpa helmeti, akakataa." Kila aliyeisikia alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji awe na helmeti ya abiria, na inamtaka abiria aivae. Alikuwa nayo. Alimpa. Akakataa. Hapo mambo yangeisha, na kwa watu wengi yaliisha.

Kisha ile Jumapili, mikono yangu ikiwa kwenye povu, akasema bila kunitazama, "Unajua hakuna mtu amevaa hiyo kitu tangu Disemba?"

Nikamuuliza, "Kwa nini ulikuwa unaibeba basi?"

"Ya karao."

Tukanyamaza. Halafu akasema ile sentensi nyingine, ambayo polisi hawakuiandika popote. "Nilijua atakataa. Kila mtu hukataa. Ningeshtuka kama angeichukua."

Basi swali langu ndilo hili, na nimekaa nalo mwaka mzima: ukimpa mtu kitu unachojua atakikataa, umempa?

*

Kabla hujamhukumu kakangu, jipime kwanza. Mimi nimejipima na matokeo si mazuri. Nimepanda boda tangu nikiwa sekondari na naweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja safari nilizovaa helmeti mwanzo hadi mwisho. Zilizobaki niliipakata mapajani kama mtoto wa jirani. Tukikaribia mahali polisi husimama, mwendeshaji anasema, "Siz, vaa kidogo," naiweka juu ya kichwa bila kufunga mkanda, nashikilia pumzi, tukipita naivua. Umefanya hivyo pia. Nairobi nzima imefanya hivyo. Mimi, mwendeshaji na karao, sote watatu tunajua kinachoendelea, na hakuna anayemdanganya mwenzake. Ni mchezo wa kuigiza ambao kila mwigizaji amelipa kiingilio.

Tena mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuicheka helmeti ile. Krismasi, tukiwa wengi nyumbani, nilisema mbele ya watu kwamba inanuka kama soksi za shule ya bweni. Tulicheka sana. Kakangu pia alicheka. Hakuna aliyesema, "Leta tuioshe." Wiki zote za Januari hadi Aprili nilipita kando ya ile nduthi imeegeshwa dirishani, helmeti imefungwa nyuma, imenyeshewa, imekauka, imenyeshewa tena. Nilijua inanuka. Nilijua kwa nini watu hawaivai. Nilikuwa na sabuni.

Kuna methali kwamba nyani haoni kundule. Mwanaboda naye hanusi helmeti ya abiria wake. Fikiria: katika watu wote wanaohusika na kofia ile, yeye ndiye pekee ambaye kichwa chake hakiingii humo. Yake mwenyewe ameizoea, na pua ina tabia ya kuacha kukuambia unachokinusa kila siku. Ya abiria haigusi isipokuwa kwa nje. Ameinunua, anaibeba, analipa faini asipokuwa nayo, lakini hajawahi kuijua. Wanaoijua ni abiria, na abiria wako nayo dakika kumi kisha wanaenda zao. Kwa nini abiria wa saa mbili asubuhi aseme jambo kwa faida ya abiria wa saa tatu? Hawatawahi kukutana. Anakunja uso, anakataa, anashuka. Uchafu unabaki hapo katikati, kati ya anayeimiliki asiyeijua na wanaoijua wasioimiliki.

*

Nieleze niliyojifunza kwenye beseni, kwa sababu kuna mtu anasoma hapa ana helmeti inayonuka chini ya kitanda.

Jasho lenyewe, likitoka tu, karibu halina harufu. Harufu ni kazi ya bakteria wanaolila jasho na mafuta ya ngozi. Ndiyo maana kupulizia marashi hakusaidii: unawapa wageni pafyumu huku karamu ikiendelea. Siku ya pili una harufu ya maua juu ya harufu ya soksi, na hiyo ni mbaya kuliko soksi peke yake. Ni lazima uondoe chakula chao, yaani mafuta na jasho lenyewe, halafu uondoe unyevu, kwa sababu pasipo unyevu hawastawi.

Helmeti nzuri ina kitambaa cha ndani kinachotoka. Unakibandua, unakiosha kwa mkono na sabuni laini, ya watoto inatosha, kwenye maji ya vuguvugu. Usikikamue kwa kukisokota. Kifinye ndani ya taulo. Kianike kivulini penye upepo. Helmeti nyingi za abiria hapa kwetu hazina ukarimu huo. Kitambaa kimegundishwa. Ya kakangu ilikuwa hivyo, kwa hivyo nililazimika kuiosha nzima: povu kwenye sponji, nafinya, nafuta, narudia. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya kibanda. Ya nne bado yalikuwa na rangi. Nilitoa uzi mmoja wa rasta, rangi ya zambarau, na alama ya vipodozi kwenye sponji la shavu, kahawia, yenye umbo la nusu uso. Nilisimama hapo nikiishika. Kuna mtu fulani mjini aliyeacha nusu ya uso wake kwa kakangu na hajui.

Chini ya kitambaa kuna lile povu jeupe gumu, ndugu wa linalokuja kwenye boksi la televisheni. Hilo ndilo helmeti yenyewe. Gamba la nje linasambaza pigo, lakini povu ndilo linalokufa kwa niaba yako: linapondeka ili fuvu lisipondeke, na likishapondeka halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata pigo kubwa hubadilishwa hata kama kwa macho iko sawa. Nilimwambia kakangu kuhusu yake, ile yenye mkwaruzo. Alisema atanunua nyingine mwisho wa mwezi. Nikamwambia mwisho wa mwezi hauna breki. Alinikodolea macho, akanunua Jumatano.

Na povu hilo haliwezi petroli. Kuna wasee wa steji wanaofuta helmeti kwa kitambaa kilicholowa petroli kwa sababu ndiyo waliyo nayo karibu na inaondoa grisi haraka. Mwagia petroli kipande cha povu la boksi uone: kinayeyuka kuwa gundi mbele ya macho yako. Petroli na thina hudhoofisha pia plastiki ya gamba na kioo cha mbele. Maji ya moto si mazuri, dawa ya kung'arisha nguo si nzuri, jua kali la siku nzima si zuri. Bekingi soda inafaa: inyunyize ndani usiku, asubuhi ikung'ute na uifute. Nilifanya hivyo baada ya kuikausha, na harufu ya kwanza na ya pili zikaondoka. Ya tatu ikapungua.

Lakini tatizo la kweli lilikuwa kukauka. Aprili, Mwiki, nyumba yenye dirisha moja. Siku mbili. Siku mbili helmeti ya abiria iko juu ya kiti inapigwa na feni ya kuazima, na kakangu hana ya kubeba. Kwa hivyo usafi, ambao mimi niliuona kama suala la sabuni na nia njema, kwake ulikuwa na bei: ama akae nyumbani siku mbili bila kulipa mkopo wa pikipiki, ambao haujui Jumapili wala mvua, ama abebe watu bila helmeti ili helmeti iwe safi. Chagua. Nilipoliona hilo ndipo nilipoacha kumkasirikia. Abiria anataka helmeti safi kwa nauli ya bob hamsini, na ukimwambia kumi zaidi ni za sabuni atapanda ya jirani. Mimi ningepanda ya jirani.

*

Rafiki yangu mmoja, anasoma sheria, aliniambia ninajisumbua bure. Hoja yake ilikuwa hivi: yule dada ni mtu mzima. Aliona hatari, aliona helmeti, akaamua. Kumtafutia kakangu lawama ni kumfanya yule dada mtoto, kana kwamba hana akili ya kukataa. Heshimu kukataa kwake.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nilikaa nayo. Tena kuna jambo linaloipa nguvu: kinyaa si ujinga. Choa na mapunye husambaa kupitia vitu vinavyogusa kichwa baada ya kichwa, vitana, kofia, taulo, na chawa nao hawahitaji mwaliko. Kinyaa ni mlinzi wa zamani sana, alianza kazi kabla ya sabuni. Na nywele si urembo mtupu. Anayesema "si ni nywele tu" hajawahi kukaa kwenye kiti cha msusi saa sita, mgongo umekufa, kisha akatoa elfu tatu ambayo ilikuwa ya kitu kingine. Kazini wanakutazama kichwa kabla hawajasikia jina. Dada aliyesukwa Jumamosi, akaletewa Jumatatu helmeti yenye mafuta ya watu wasiojulikana, ana sababu.

Ila mlinzi huyu hajui hesabu. Yeye anaona kilicho karibu na pua tu. Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi kuhusu helmeti za pikipiki walikuta kwamba hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa karibu asilimia 40, na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Takwimu hizo hazinuki. Choa kinanuka, kwa maana ya kwamba unakiwazia sasa hivi, kwenye ngozi yako. Kwa hivyo tunapima jambo dogo la hakika dhidi ya jambo kubwa la labda, na la hakika hushinda karibu kila mara. Na ni mahali hapo hasa ambapo hoja ya rafiki yangu inanitoroka. Anasema kukataa kule kulikuwa uamuzi wa yule dada. Mimi nasema kulikuwa na mikono mingine kwenye uamuzi huo. Helmeti inaponuka, wewe mwenye helmeti umeshaweka kidole chako kwenye mizani kabla yeye hajapima. Huwezi kukigandamiza kidole hapo halafu useme umeheshimu uzito aliousoma.

Tena tunaijua sana aina hii ya kutoa. Kuna "karibu chakula" inayosemwa sufuria likiwa limeshasafishwa. Kuna bosi anayesema mlango wake uko wazi, na kila aliyeingia humo alitoka na barua. Kuna ule ushirikishwaji wa umma ambao Katiba ya 2010 inaudai, kisha unapata tangazo limebandikwa Ijumaa jioni kuhusu mkutano wa Jumatatu asubuhi, siku ya kazi, mahali pasipofikika kwa matatu moja. Hakuna anayekuja. Inaandikwa kwamba wananchi walialikwa. Walialikwa kweli. Nilimpa, akakataa. Mwaka huu nimeisikia sentensi ya kakangu kwenye vinywa vya watu wenye suti, na kila nikiisikia nanusa mafuta ya nazi.

Tofauti ni kwamba wenye suti wana nafasi ya kuchagua zaidi ya kakangu. Hilo nalo sitaki kulisahau.

Je, angeiosha, na bado akakataliwa? Hiyo hutokea, na nitaifikia. Nadhani wajibu wake si kuhakikisha abiria amevaa. Hawezi kumvisha mtu kwa nguvu, ingawa anaweza kukataa kumbeba. Wajibu wake ni kufikisha ile kofia mahali ambapo kukataa kunakuwa kwa abiria peke yake. Na wajibu wangu mimi abiria, nikikataa kwa sababu ya nywele, ni kusema ni nywele, nisijifiche nyuma ya harufu. Kwa sababu hilo pia tunalifanya. Harufu ni kisingizio kizuri: kinamtupia mwenzako uchafu na kukuachia wewe hadhi.

*

Hadhi. Nadhani hapo ndipo penye mkwamo. Kumwambia mtu "helmeti yako inanuka" ni karibu sana na kumwambia "unanuka", na Nairobi watu wameacha kuongea kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake katika hospitali moja ya uzazi mjini Vienna wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, kwa sababu walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja wodini. Vifo vya akina mama vikashuka sana. Ungetarajia wambebe mabegani. Wengi walichukizwa. Hakuwa na maelezo kamili ya kwa nini inafanya kazi, na hilo lilimpunguzia nguvu, lakini pia kulikuwa na tusi ndani ya ushauri wenyewe: kuambiwa nawa ni kuambiwa mkono wako ulikuwa ukiua. Ni rahisi zaidi kuendelea kuamini mkono ulikuwa safi.

Kakangu hakuchagua kuamini hivyo, na kwa hilo namheshimu kuliko nilivyowahi kumwambia. Sasa ana helmeti mbili za abiria. Moja iko barabarani, moja iko nyumbani inapumzika. Alizinunua kwa awamu, ya pili elfu moja mia tano, yenye kitambaa kinachotoka. Ana pakiti ya vikofia vyepesi vya neti, vya kuvaa ndani mara moja na kutupa. Wenzake wa steji walimcheka, wakamwita daktari. Wawili wameanza kuviomba. Abiria wengi bado wanakataa, akina dada kwa wanaume, safi isiwe safi. Tofauti ni kwamba siku hizi huwauliza, "Ni harufu ama ni nywele?" Wanacheka, wanasema ukweli, na wengine wakishasema ukweli wanaona aibu kidogo na kuivaa. Wengine hapana. Usiku na mvua hambebi asiyevaa. Anapoteza pesa kwa hilo, na mamangu hulalamika.

*

Lakini nilisema kinachonisumbua si ajali, kwa hivyo nimalizie kilichotokea Jumanne baada ya ile Jumapili.

Kakangu alisema anataka kwenda kumwona yule dada, ameshatolewa hospitalini. Nilidhani anaenda kusalimia, nikanunua maziwa na matunda, nikamsindikiza. Mama yake alitufungulia, akatukaribisha vizuri kuliko tulivyostahili. "Ingieni, watoto wangu." Dada alikuwa kwenye kochi, kitambaa kichwani, upande mmoja wamemnyoa. Zile rasta zote zilikuwa zimeondolewa hospitalini.

Kakangu hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akasema, "Mimi nilikuwa nawaambia watu nilikupa helmeti ukakataa. Ni kweli. Lakini nilijua utakataa. Ilikuwa chafu na nilijua. Sikuwa nakupa, nilikuwa naonyesha."

Mama akatazama chini. Mimi nilitaka kutoka nje. Wakili yeyote angemwambia asiseme maneno hayo, na yule rafiki yangu wa sheria nilipomsimulia alishika kichwa kwa mikono miwili.

Dada alikaa kimya muda, kisha akasema, "Hata ingekuwa safi nisingeivaa. Nilikuwa nimesukwa Jumamosi."

"Huwezi kujua," kakangu akasema.

"Najua. Najijua."

"Ungekuwa umeinusa kwanza ikiwa safi, hapo ndio ungejua."

Wakabishana hivyo kama dakika mbili, kila mmoja akivuta lawama upande wake, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake. Sijawahi kuona ubishi wa aina ile. Yeye alikuwa akimsamehe, na kakangu alikuwa akimwangalia jinsi abiria wanavyoiangalia helmeti. Mwishowe mama akasema chai inapoa, tukanywa chai. Tukaongea juu ya bei ya sukari.

Kutoka pale ilikuwa giza, na manyunyu yameanza. Kakangu akafungua raba, akatoa helmeti ya abiria, akaishika mkononi bila kuninyooshea. Akaileta puani kwake kwanza, akavuta pumzi. Sijui alinusa nini. Kisha akanipa.

Masikioni ilikuwa bado na unyevu. Nikafunga mkanda, tukaenda.